Makabati ya Mke wa Fundi

Kinyozi hajinyoi. Anayebisha na apelekwe jikoni kwa Mama Pasi akajionee mwenyewe. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa, alikuwa fundi wa vanishi asiye na mpinzani. Meza iliingia karakanani kwake ina makovu ya vikombe vya moto na mikwaruzo ya funguo, ikatoka inang'aa hadi mwenyewe anaona haya kuiwekea sahani. Mameneja walimletea madawati yao. Wazee walimletea viti walivyorithi, wakasimama mlangoni kumwangalia anavyovigeuzageuza, wakaondoka roho zimetulia. Lakini makabati ya jikoni kwake mwenyewe! Milango kumi na moja ya mvule, yote imebabuka, imekuwa myeusi kuzunguka vishikio, na ile ya chini ina mabaka meupe utadhani imeshikwa na mba.

Historia ya aibu hiyo ni fupi. Siku walipohamia nyumba ile, miaka ishirini na minane nyuma, Msasa aliipaka milango vanishi mkono mmoja tu, tabaka moja jembamba, mbiombio, kabla ya saa tatu asubuhi, kisha akafunga kopo. "Hii ni ya kushikizia tu, mama watoto," akasema. "Wiki ijayo naipiga msasa yote, naipaka mikono minne, hadi ujitazame uso humo." Mkewe akaamini. Mke mpya kwenye nyumba mpya, asiamini kwa nini? Basi watoto wakazaliwa, wakaota meno, wakang'oka meno, wakamaliza shule, wakahama, na wiki ijayo ikawa bado iko njiani inakuja.

Tusimwonee Msasa. Mlevi hakuwa, mkali hakuwa, na mvivu ndiyo kabisa hakuwa. Alirudi nyumbani ananuka tina ya vanishi, akala, akasifia chakula, akalala kwenye kiti mdomo wazi. Na kila alipokumbushwa makabati alikubali. Hilo ndilo lililokuwa linamchosha mkewe. Mume anayebisha unagombana naye, mnapiga kelele, mambo yanaisha. Lakini mtu akikwambia, "Kweli kabisa mama watoto, una haki, hata mimi nimeona," utamshika wapi? Aliwahi kumsema mbele ya mama yake mzazi. Mama mkwe alimgombeza mwanawe mpaka chai ikapoa, na Msasa akamkubalia mama yake vilevile.

Mama Pasi naye hakuwa mtu wa kudharauliwa kwenye kazi. Miaka thelathini alifua na kupiga pasi nguo za wageni hotelini, na alipostaafu akafungua udobi wake kwenye chumba cha mbele. Alishika pasi kwa mkono wa kushoto, na aliyemwona mara ya kwanza alidhani ataunguza kitu. Hakuunguza. Tena alikuwa na kipaji cha kusoma nguo. Aliwahi kumwambia karani mmoja kwamba meza yake ya kazi ina mguu mfupi, kwa kuona tu kiwiko cha shati kilivyochakaa upande. Karani akaenda kupima, akarudi na ndizi za shukrani.

Kwake yeye, kitambaa kizuri kilichochafuka hakitupwi. Kinalowekwa, kinasuguliwa, kinaanikwa, na kikikataa katakata ndipo kinakuwa tambara. Lakini hicho ni kitambaa. Mbao hakuzijua, na mwaka ule alilazimika kuziamulia.

Aliyeleta shughuli ni binti yao mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Alikuja kuwasalimia, akafungua kabati la juu ya sinki kutafuta kikombe, na mlango ukamfuata mkononi.

"Mama! Hii sasa ni aibu."

"Usiuvute hivyo. Unauinua kidogo kwanza, halafu ndiyo unavuta."

"Mama, mlango hauombwi ruhusa!"

Binti alirudi kwake, na wiki haijaisha akapiga simu. Amepata duka linalouza makabati ya tayari, meupe pepepe, laini, unafuta kwa kitambaa basi. Atanunua yeye, zawadi kwa mama yake. Wafungaji watakuja Jumamosi, watabomoa yale ya zamani na kuyapakia garini wakayatupe, na jioni mama atapika kwenye jiko jipya.

"Nijibu kabla ya Ijumaa jioni, mama. Ndiyo au hapana. Na usimuulize baba, unajua atakavyokujibu."

Mama Pasi aliweka simu chini akabaki amesimama katikati ya jiko. Tusidanganyane, makabati meupe aliyataka. Nani asiyependa kitu kipya? Na yeye aliyefua mashuka meupe ya watu maisha yake yote, alikuwa na haki ya weupe wake mwenyewe. Lakini aligonga mlango mmoja kwa kidole, ukaitika kwa sauti nzito, sauti ya mti ambao bado haujachoka, na moyo wake ukasita. Hiki kilikuwa kitambaa kizuri kilichochafuka, au tambara? Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumjibu, naye wakati huo alikuwa sebuleni anakoroma.

Na lipo jambo jingine, ambalo nalisema wazi kwa sababu mwenyewe hakuwa na wa kumwambia. Karakanani kwa Msasa palikuwa na ubao mweusi ukutani. Kila kazi iliandikwa hapo kwa chaki, jina la mteja na kitu chake, kwa mpangilio ilivyoingia, na hakuna aliyeruka foleni. Diwani mmoja alijaribu, akaambiwa kiti chake kitafuata baada ya stuli ya muuza nyanya. Watu walimheshimu Msasa kwa ubao ule. Mama Pasi alikuwa akipita mbele yake kila siku akimpelekea mumewe chakula cha mchana, na katika miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuandikwa hapo hata mara moja. Ilimuuma. Watu wasiomfulia Msasa hata soksi walipata macho yake na mikono yake. Wale wafungaji wakija Jumamosi wakabeba ile milango, ahadi nayo ingepakiwa kwenye gari, na yeye angebaki mwanamke pekee katika mji ule ambaye Msasa hakuwahi kumfanyia kazi.

Jumatatu alichukua kisu cha mezani, akafungua skrubu zilizobakia za ule mlango wa juu ya sinki, akauficha chini ya kitanda. Alitaka kuona kama mwenye nyumba ataona. Msasa alirudi, akaingia jikoni, akachukua glasi kwenye kabati lisilo na mlango, akanywa maji, akairudisha.

"Maji ya leo matamu," akasema.

Jumanne akang'oa wa pili. Msasa aliuliza chumvi iko wapi, na chumvi ilikuwa inamtazama.

Jumatano wa tatu. Safari hii Msasa alisimama kwenye kizingiti cha jiko akaangalia huku na huku, na Mama Pasi akashika ukingo wa sinki.

"Mama watoto," mume akasema, "umefagia? Naona jiko lina nafasi leo."

"Nimefagia," akajibu, akaenda chumbani kucheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Alijifuta kwa mto. Kisha akasema kwa sauti, peke yake, kwamba kama mtu haoni akiwa mume, labda ataona akiwa fundi.

Alhamisi, Msasa alipokwisha kuondoka, alimwita Breki, msukuma mkokoteni wa mtaa ule, mtu mzima mwenye wajukuu wawili na mdomo usiopumzika. Aliitwa Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo.

"Breki, utapeleka milango hii mitatu kwa Msasa. Utamwambia mwenyewe anataka ushauri tu, ifufuliwe au itupwe. Hutasema ni ya nani."

"Lakini mama, si ni ya..."

"Hutasema ni ya nani."

"Nimesikia. Ila ataijua tu. Mtu ajue meza za mji mzima, ashindwe kujua milango ya kwake?"

"Akiijua, nitakupikia wewe na wajukuu zako wote."

"Basi leo tunashiba," Breki akasema, akaanza kupakia.

Mama Pasi mwenyewe alipitia uchochoroni, akaingia kwa Mama Sponji, fundi wa makochi, ambaye duka lake lilitenganishwa na karakana ya Msasa kwa ukuta wa mabati tu, tena yenye matundu ya misumari. Mama Sponji alimwona anainama kwenye tundu, akaacha kukata kitambaa.

"We! Unamchungulia mumeo? Kuna mwanamke?"

"Yupo," Mama Pasi akasema. "Nyamaza nione anavyopokelewa."

Mama Sponji hakuelewa kitu, lakini hakuwa mtu wa kupitwa. Akaweka mkasi chini, akatafuta tundu lake.

Upande wa pili, Breki alikuwa ameshaiegemeza milango kwenye meza ya kazi. Msasa alikuwa anasugua mguu wa kiti. Aliinua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Milango ya kabati la jikoni, fundi. Mwenyewe anauliza, ifufuliwe au itupwe? Jibu moja tu, nina haraka."

Haraka hakuwa nayo. Alijikalia juu ya gogo, akakunja mikono, macho yanamcheka.

Msasa alifuta mikono, akavaa miwani, akabeba mlango wa kwanza mpaka penye jua. Akautazama mbele. Akautazama nyuma. Akaunusa.

"Nani aliyepaka hii?" Msasa akauliza.

"Mimi nitajuaje?"

"Huyu mtu achapwe viboko. Tazama hapa, vanishi imetiririka ikakaukia njiani. Hapa brashi imepita kavu. Na hapa hajapiga msasa kabisa, amepaka juu ya vumbi! Mtu anapewa mvule kama huu, anaupaka utadhani banda la kuku. Alikuwa anakimbilia wapi?"

"Labda alikuwa bado anajifunza," Breki akasema kwa upole.

"Anayejifunza kwangu akipaka hivi namrudisha kwao siku hiyo hiyo."

Mama Sponji aligeuka taratibu akamtazama mwenzake. "Ni ya kwenu?" akanong'ona. Mama Pasi akatikisa kichwa kukubali. Mama Sponji alisema, "Nyani haoni kundule," kisha akachukua kipande cha sponji akajiziba nacho mdomo, maana alijijua.

"Kwa hiyo itupwe?" Breki aliuliza.

Mama Pasi akafumba macho. Aliona makabati meupe pepepe, akaona gari linaondoka.

"Itupwe?" Msasa alimgeukia kama aliyetukanwa. "Nani kasema itupwe? La kuvunda halina ubani, lakini hii imevunda wapi? Gonga hapa usikie. Mti uko hai kabisa huu, uchafu uko juujuu. Nikilivua hilo ganda, nikaupiga msasa, nikaupaka mikono minne, mwenyewe atapita hapa asiutambue. Na asishukuriwe fundi. Aliyeiokoa milango hii ni mwenye jiko."

"Kwani unamjua?" Sauti ya Breki ilitoka nyembamba.

"Sijawahi kumwona maishani. Lakini namjua." Msasa akavuta stuli, akalaza mlango magotini, akaanza kuupapasa polepole kwa vidole. "Ni mwanamke, tena si mrefu. Kishikio hiki cha juu kimechakaa upande wa chini tu, anakifikia kwa ncha za vidole. Anatumia mkono wa kushoto. Ona weusi ulivyokaa huku, watu wengi huwa upande ule. Ni msafi mno. Amefuta mlango huu kila siku ya Mungu, na amefuta kwa kufuata nyuzi za mti, hajazikata. Hakuna aliyemfundisha, ameona mwenyewe. Na anafua sana huyu. Tazama huu wa pili, wa kabati la chini, umeliwa na sabuni, maji matupu hayafanyi hivi."

Akarudi kwenye ule wa juu, akauinamia.

"Na hapa unaona alama hii ya mafuta, kubwa kama kiganja? Paji la uso. Akichoka huwa anaegemea hivi." Msasa akaegemeza paji lake kwenye mlango, akafumba macho. "Kidogo tu. Halafu anaendelea na kazi."

Nyuma ya mabati Mama Pasi alishika kifua. Hilo la paji la uso hakuwahi kumwambia mtu. Hata yeye hakujua kwamba huwa anafanya hivyo mpaka aliposikia, na aliposikia alijua ni kweli. Alifurahi na kuumia kwa pamoja. Mumewe alikuwa amemwona, amemwona mpaka ndani kabisa, na bado hakuwa na habari ni nani.

"Mfupi, wa kushoto, anafua," Mama Sponji alihesabu kwa vidole, sponji bado iko mdomoni. "Na bado tu? Huyu mumeo ni mzima?"

Msasa aliinua mlango wa tatu, akakuta bawaba, na uso ukambadilika. Skrubu ilikuwa imetoka zamani. Mahali pake palikuwa na pini kubwa ya nguo, imekunjwa kwa ustadi, imekazwa kwa kipande cha lastiki ya sketi.

"Aa," akasema taratibu. "Maskini."

"Nini tena?"

"Mjane huyu." Msasa akavua kofia. "Tena wa siku nyingi, lastiki yenyewe imeshakauka. Nyumba yenye mwanamume haifungi mlango kwa lastiki, Breki. Hata awe wa ovyo namna gani, skrubu moja atakaza. Huyu mama hana mtu." Akafikicha jicho chini ya miwani. "Nenda kamwambie asiitupe. Nitaifanya mimi, kwa mkono wangu. Na foleni asihangaike nayo. Sijawahi kumrusha mtu foleni, lakini huyu nitamweka wa kwanza."

Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaani, hakikutoka kitu.

Mama Pasi hakukumbuka alivyouzunguka ukuta. Alijikuta tu amesimama kwenye mlango wa karakana, mikono kiunoni.

"Kumbe wajane hawakai foleni!" akasema. "Laiti ningejua, baba watoto, ningekuzika mapema."

Msasa aliinuka ghafla, stuli ikaanguka. "Mama watoto? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Wewe. Umekufa sasa hivi, umejitangaza mwenyewe. Breki ni shahidi."

Breki aliona huo ni wakati mzuri wa kwenda kukagua gurudumu la mkokoteni. Upande wa pili wa mabati kitu kizito kilianguka, na Mama Sponji akasikika akimwomba Mungu amsaidie mbavu zake.

Msasa alimtazama mkewe. Akatazama mlango. Akatazama mkono wa kushoto uliokuwa kiunoni, na kimo chake, na vidole vilivyokaushwa na sabuni. Ungemwangalia usoni ungeona jinsi yalivyokuwa yanamwingia, moja baada ya jingine.

"Ni yetu," akasema.

"Toka Jumatatu jiko langu liko uchi."

"Hakuna milango jikoni?"

"Iko minane. Hii ilipotoka ukasifia nafasi."

"Na huyo aliyeipaka..."

"Achapwe viboko. Nimesikia. Fimbo nitaitafuta mimi."

Mama Pasi alitaka kucheka, maana alikuwa ameshinda na alijua ameshinda, lakini aliutazama ule mlango wenye pini.

"Mjane usiyemjua umemvulia kofia," akasema. "Umejua mpaka anavyochoka. Na mimi ninayekupikia, sijui mara ya mwisho umenitazama lini. Sikuja hapa kwa sababu ya mbao, baba watoto. Mbao mpya ninazo, mwanao amenipa, zinakuja Jumamosi. Nilikuja kuona kama na mimi naweza kuwa mteja wako."

Msasa hakujitetea. Hata wiki ijayo hakuitaja, na Mungu alimsaidia, maana angeitaja siku ile sijui kama hadithi hii ningeisimulia kwa furaha. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nimekosa. Tena nimekosa muda mrefu."

Kisha akachukua chaki, akaenda ubaoni, akaanza kufuta jina la juu kabisa apate nafasi.

"Rudisha jina la mtu," Mama Pasi akasema. "Mimi si mjane. Niandike mwisho, nikae foleni kama wenzangu."

"Kuna watu tisa mbele yako."

"Andika."

Mwandiko wa Msasa ulikuwa mbaya siku zote, lakini safari hii alikwenda herufi moja moja, anasogea nyuma kutazama, anarudi: Mama Pasi, milango kumi na moja, mvule. Mkewe alisogea karibu akasoma. Akasoma tena, kana kwamba ni barua ndefu. Kisha akakung'uta vumbi la chaki lililoangukia bega la mumewe.

"Sasa," Msasa akasema, na sauti ikawa ile anayowasemesha watu wanaoleta kazi, ya upole na isiyo na haraka. "Unataka rangi gani?"

Akashusha kutoka rafuni vipande vya mbao, kila kimoja kimepakwa rangi yake. Kimoja cha asali, kimoja cha kahawa iliyoiva, kimoja chekundu cha kukolea, kimoja kilichoachwa na rangi ya mti wenyewe. Akavipanga kizingitini penye jua. Akaokota stuli, akaifuta kwa kiwiko cha shati, akamwekea.

"Wewe unaonaje?" Mama Pasi aliuliza.

"Mimi sipiki pale. Unayesimama pale ni wewe."

Hapo ndipo mama wa watu alipokwama. Alikuwa amejiandaa kugomba. Alikuwa amejiandaa kulia, na hata kurudi nyumbani na jibu la kutupa. Swali la rangi hakujiandaa nalo, maana hakuwahi kuulizwa. Kuta za nyumba ile zilipakwa rangi iliyobaki kwenye kazi za watu. Meza yao ilikuwa nyeusi kwa sababu kopo jeusi ndilo lililokuwa wazi. Alishika kipande cha asali, akakiweka. Akashika chekundu.

"Naweza kuviangalia kidogo?"

"Hata mpaka jioni."

Mteja mmoja alifika kuulizia dawati lake, akaombwa asubiri nje, akasubiri. Breki alirudi, akasema yeye kwa maoni yake chekundu kinaficha uchafu, akaambiwa na Mama Pasi kwamba jikoni kwake hakuna uchafu wa kuficha, na kwamba wajukuu zake leo hawashibi. Mama Sponji naye alitokeza kichwa, macho bado mekundu kwa kucheka, akasema asali, asali, asali. Mama Pasi aliwasikiliza wote na hakumfuata hata mmoja. Alikipeleka cha asali kivulini, akakirudisha juani. Akalowesha kidole mate, akakisugua cha kahawa kuona kitakavyokuwa na maji. Msasa alikuwa amechuchumaa pembeni, anamtazama. Kila mkewe alipoweka kipande chini, yeye alikinyoosha kikae sawa, basi.

Simu ikalia mfukoni mwa gauni. Alikuwa binti.

"Mama, kesho ndiyo Ijumaa. Niwaambie waje?"

"Waambie wasije."

"Wasije? Mama, unabaki na yale yale?"

"Nabaki nayo."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Baba yako ameniuliza nataka rangi gani."

Kisha binti akasema polepole, na sauti yake haikuwa ya ofisini tena, ilikuwa ya mtoto aliyekulia kwenye jiko lile.

"Baba? Ameuliza?"

"Ameuliza," Mama Pasi akasema. "Nikate sasa, mwanangu. Bado nachagua."